Samaki wa Kurudishwa

Mwanangu Ogweno alilipa siku tatu,
pesa ya mbuzi wawili na nusu,
tuje Njoro, bwawani kwa Bi. Wamuhu,
tuvue samaki, tuwapime, tuwarudishe majini.

Nilimwuliza mara mbili, nikidhani ni sikio langu:
Tuwarudishe?
Ndiyo, Baba. Ndiyo starehe yenyewe.

Mimi mtu wa Dunga. Nimelelewa kwa ngege na fulu.
Kwetu samaki akitoka majini amekwisha kuwa mboga;
hajapata kurudi hata mmoja akasimulia.

Bwawa lilichimbwa na mlowezi wa ngano.
Siku hizi lina uzio, lina kufuli, lina bei ukutani,
na baridi ya Mau huliteremkia saa kumi jioni
bila kubisha hodi.
Kijana wa zamu, Kiprugut, akatusomea masharti:
ndoana isiyo na chembe,
godoro la kumlazia samaki,
kichupa cha dawa ya kumpaka palipotoboka.

Godoro!
Miaka thelathini wodi ya majeruhi, Kisumu,
nimefunga vidonda vya watu waliolala sakafuni.

Samaki wenyewe wanaitwa kapu,
jina la wageni lililokatwa mkia.
Nikacheka peke yangu: kapu lisiloingia kapuni.
Chambo chao ni mahindi ya kuchemsha, yenye asali.
Nilikula punje kadhaa gizani, Ogweno akisinzia.
Matamu.

Usiku wa kwanza, kapa.
Wa pili, kapa na vyura.
Tulikaa kwenye viti vya kukunja, baba na mwana,
kama watu wawili kwenye foleni ya benki.
Yeye aliongea na simu, mimi na thamosi.
Mama yake ana mwaka na miezi minne mchangani,
na jina lake hatujalitaja pamoja
hata kwa kuteleza ulimi.

Alfajiri ya tatu kengele ya mshipi ikalia.
Ogweno alivuta, akalegeza, akavuta,
robo saa nzima, soksi zimelowa,
mpaka akatokea: mnene, rangi ya sufuria ya shaba,
na sharubu nne fupi
za mzee aliyekataa kustaafu.

Kilo kumi na moja na robo.
Kiprugut akamtambua pale pale:
Huyu ni Nyakio. Ameshikwa mara tisa.

Mdomo wake ulikuwa kovu juu ya kovu.
Mikono yangu ikaamka yenyewe.
Ikatafuta pamba, ikatafuta mwanga.
Nikapaka dawa kama nilivyofundishwa,
katikati ya kidonda kwenda pembeni, usirudi nyuma.
Pole, mama, nikasema.
Ndivyo nilivyowaambia wote.
Ndivyo nilivyomwambia Akumu wiki ile ya mwisho,
midomo imepasuka,
nami nikiilowanisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu.

Ogweno alishusha simu. Picha hakupiga.
Hivyo ndivyo ulivyomfanyia Mama?
Hivyo.
Nilikuwa koridoni, akasema. Sikuingia.
Najua. Viatu vyako vilionekana chini ya mlango.

Maji yalikuwa yakitiririka kutoka godoroni,
na Kiprugut, mtoto mwenye adabu,
akajifanya anasoma mizani upya.

Tukambeba Nyakio, yeye kichwani, mimi mkiani,
tukamteremsha.
Alitulia kidogo viganjani mwetu
kana kwamba bado haijaamuliwa
nani anamwachilia nani.
Kisha akapiga mkia, akatulowesha hadi kifuani,
akaenda zake.

Tulipofika Ahero tuliagiza ngege wawili, wa kukaanga,
tukala kwa mikono, tukafyonza mifupa.
Hao hatukuwarudisha.
Ogweno, akinawa, akauliza kama mwaka ujao nitakuja.
Nikamwambia tubebe pamba yetu.
Ile ya kwao inaacha nyuzi.